Mifuko Iliyochemshwa kwa Majivu

Mama yangu alikuwa mtu wa usafi mpaka anaudhi. Nasema hivyo nikimpenda, Mungu amrehemu, lakini ukweli ndio huo. Sahani akiiosha mtu mwingine, yeye anaiosha tena mbele yake. Na kitambaa kipya, hasa marekani, ile pamba nyeupe ya dukani yenye wanga mwingi, hakikuingia ndani kwake kabla ya kuchemshwa kwa maji ya majivu. Anachekecha majivu ya kuni, anayaloweka kwenye ndoo, anaacha yatuame, kisha anachota maji ya juu yanayoteleza vidoleni kama sabuni. Nguo inachemka humo mpaka wanga unatoka na weupe unakuja. Alifundishwa na bibi yake, na bibi yake alikuwa wa wale watu waliofika Kigali na biashara kutoka pwani, wakakaa, wakaoa, wasirudi tena. "Sisi watu wa nguo," alikuwa anasema. "Nguo haijawahi kutuaibisha."

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba kilichotokea hakikutoka kwenye uzembe. Kilitoka kwenye usafi, na ndicho kinachonitia hasira mpaka leo.

Baba alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilikuwa Kimisagara, bondeni, kati ya fundi wa baiskeli na muuza ndoo, nasi tulipanga vyumba viwili nyuma ya kibaraza hicho. Mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kuingia bila hodi. Anasimama katikati ya chumba, anatazama kitanda, anatazama masufuria, eti anakagua ukuta. Mama anavuta khanga kichwani na kunyamaza, na akishaondoka yule bwana, hasira zake tunazisikia sisi. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani: mlango ambao ufunguo wake anaushika yeye. Alilisema hilo kila siku ya Mungu, tangu nikiwa mtoto mpaka nikaota mvi.

Mimi, ingawa msichana, nilibahatika kusoma. Wakati ule watoto wengi wa Kiislamu wa mtaani kwetu tuliishia madrasa na cherehani, lakini baba alinishikilia shuleni kwa ukaidi wake, na miaka ya sabini ikielekea kwisha nikapata kazi kwenye maabara ndogo kule Remera. Kila asubuhi napanda kwa miguu, napita Gisimenti nachukua maandazi mawili, nafika nikiwa nimelowa jasho. Navaa koti jeupe. Bila ile barua ya kazi, kuishi mjini kulikuwa mashaka matupu, maana asiye na kazi aliondolewa, kwa hiyo barua niliikunja nikaitia kwenye nailoni, nikatembea nayo kifuani kama hirizi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mwenye miwani mizito, tuliyemwita Profesa. Alikuja kupima udongo na kutu. Usicheke, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na mimi kupika kutu nilikupenda kuliko kupika wali. Unachukua chumvi ya chuma iliyoyeyushwa, unaitilia soda ya kutengenezea sabuni polepole, uji wa kijani unatokea. Ukiupuliza hewa unageuka manjano. Ukiukausha unapata unga laini wa manjano, ukiutia tanurini unatoka mwekundu kama barabara zetu wakati wa kiangazi. Ukiupika kwa njia nyingine unakuwa mweusi, na sumaku inaudaka mara moja. Tulipima kila unga: uzito wake, rangi yake, maji unayoshika, nguvu ya sumaku. Chuma ni kile kile, lakini kila namna ya kukipika inakupa kitu kingine kabisa.

Udongo ulikuwa kazi ya subira. Tuliuchimba bondeni, si mbali na kwetu, ule mweusi unaong'ang'ania viatu. Siku ya kwanza Profesa alinieleza hivi:

"Udongo huu ni vyumba vyembamba sana, ghorofa juu ya ghorofa. Ndani wamo wapangaji. Kalsiamu, sodiamu, potasi. Unaweza kumfukuza mmoja ukamwingiza mwingine, na nyumba nzima ikabadilika tabia."

Nikamwambia mambo ya wapangaji mimi nayajua bila shule. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaendelea: sodiamu akikaa humo, udongo unakunywa maji na kuvimba vibaya. Kalsiamu, unavimba pia, lakini kwa adabu. Ila potasi akiingia, ukaulowesha udongo na kuukausha mara kadhaa, ghorofa zinamkalia, mlango unajifunga, na hatoki tena. Udongo huo ukiumwagia maji, hautikisiki.

Kuupima ni rahisi. Bomba la kioo lenye mistari, maji ndani, unanyunyiza unga wa udongo juu kidogo kidogo, kesho yake unasoma umepanda mpaka mstari gani.

Basi, karatasi za kuchujia zikatuishia, na mpya zilikuwa zimekwama njiani huko sijui wapi. Bila kuchuja hakuna kazi. Profesa akaniuliza kama baba angeweza kushona mifuko ya kitambaa kizito. Baba akashona mifuko sita ya marekani, mshono mdogo mdogo usiopitisha hata uzi. Na mama, bila kuambiwa na mtu, akaichemsha kwa majivu.

Ilitoka myeupe ajabu. Profesa aliushika mmoja akauinua dirishani, akasema huu unapita karatasi. Siku moja akaja mwenyewe Kimisagara kumshukuru mama. Mama akajizungushia khanga mkononi ndipo akampa mkono, na majirani wote nje wanachungulia. Toka siku hiyo mama alikuwa na kazi ya serikali. Kila Ijumaa baada ya swala napeleka nyumbani mifuko iliyotumika, kila Jumatatu narudi na mifuko myeupe, mikavu, imekunjwa kama mashati ya harusi. "Mifuko ya Profesa ikiwa kwenye moto, sitaki mtu jikoni," anawaambia wanawake wa uani, na anawaambia kwa sauti.

Udongo wa bondeni, baada ya kupita kwenye mifuko ile, haukuvimba. Tuliurudia. Haukuvimba. Profesa alitembea chumba kizima akijikuna kichwa kwa furaha. Udongo mtulivu namna hii, alisema, hauhitaji kuchomwa. Unaukandamiza kwa mashine, unauchanganya na kutu nyekundu ile ninayoipika mimi ipate rangi, unajenga ukuta mwembamba, bila kuni, bila lipu. Akaandika ripoti. Wenye mradi wakaja na magari. Wakataka kujenga nyumba moja ya mfano mlimani juu ya Kimisagara, na Profesa akasema ipewe familia ya yule fundi, wenye mifuko.

Sijawahi kumwona mama vile. Hakupiga vigelegele, hakulia. Alitoka, akaenda sokoni, akarudi na kufuli. Kufuli jipya la chuma, zito, na funguo mbili. Akalitundika kwenye msumari karibu na kitanda. "Mlango utakuja," akasema. "Kufuli liko."

Matofali yalianza kutengenezwa mwanzo wa kiangazi. Wiki hizo hizo, karatasi za kuchujia zikafika.

Nilifungua pakiti kwa furaha ya mjinga. Nikachuja udongo ule ule kwa karatasi, nikaukausha, nikaunyunyiza kwenye bomba. Asubuhi nikakuta umevimba mpaka umepita mara mbili ya ujazo wake wa kwanza. Nikasema nimekosea kupima. Nikarudia, ukavimba. Nikachimba mwingine mbichi mwenyewe kwa jembe, ukavimba. Nilikaa kwenye kiti changu pale nikaitazama mifuko ya mama iliyopangwa rafuni.

Nikachukua mfuko mmoja safi, nikaumwagia maji safi ya maabara, nikakinga yaliyotoka chini. Nikayagusa. Yaliteleza. Nikachovya kikaratasi chekundu cha kupimia, kikageuka buluu papo hapo. Nikaunusa mfuko, nikasikia jiko la nyumbani kwetu.

Astaghfirullah. Majivu ni potasi. Mama alikuwa anaichemsha mifuko ile kwenye potasi tupu, anaianika bila kuisuuza maana kwake maji ya majivu ndiyo usafi wenyewe, nami kila Jumatatu nakuja nayo naumimina udongo ndani. Tulikuwa tunaingiza mpangaji bila kujua. Udongo wa bondeni haukuwa mtulivu hata kidogo. Ulitulia kwenye mifuko yetu tu. Na huko mlimani walikuwa wanakandamiza udongo ambao haujaonja majivu, ukuta mwembamba, bila lipu, na chini ya ukuta ule watalala mama na baba.

Nilikwenda mlangoni kwa Profesa mara tatu. Mara ya kwanza alinionyesha karatasi zake zinazokwenda kuchapishwa, na chini kabisa ameandika shukrani kwa mikono ya fundi wake wa maabara. Mara ya pili kulikuwa na wageni. Mara ya tatu mlango ulikuwa wazi, yeye yuko peke yake, anakula ndizi, hakuna kisingizio. Nikasimama, nikamuuliza kama anataka chai. Niseme nini mie? Niseme kosa ni la mama? Siku zile neno dogo tu kwamba mtu kaharibu mradi lingeweza kuleta watu mlangoni kwake na maswali. Niseme kosa ni langu? Barua ya kazi ingekwenda, na sisi tungekwenda nayo. Nikinyamaza, wazazi wangu wanaingia kwenye nyumba itakayowaangukia. Nilizunguka humo wiki mbili nzima, sili, silali vizuri, namjibu kila mtu kwa ukali. Nilikuwa naogopa, na niliona aibu kwamba naogopa.

Mwishowe nikamwendea baba, mchana, mama akiwa msibani kwa jirani. Nilibeba kipande cha tofali la mlimani kwenye mfuko wa gauni langu. Nikaomba glasi ya maji, nikaiweka juu ya meza ya cherehani, nikakidumbukiza kile kipande ndani.

Baba alisimamisha mguu kwenye pedali. Tofali likatoa mapovu, likavimba pembeni, likapasuka, likaanza kujimwaga. Kabla muuza ndoo hajamaliza kubishana na mteja wake, lilikuwa limekuwa uji mwekundu.

"Ndiyo nyumba yetu hiyo?" akauliza.

Nikamweleza yote. Mifuko, majivu, mpangaji anayefungiwa. Nilikuwa nalia, nikaona hasira kulia kibarazani watu wanapita. Baba alisikiliza huku akifuta sindano kwa kitambaa, akiifuta na kuifuta.

"Umemwambia mama yako?"

"Bado."

"Usimwambie."

"Baba, lazima..."

"Nimesema usimwambie. Mama yako katika maisha yake amesifiwa na nani? Mimi? Mimi nimemwambia nini zaidi ya chakula kitamu? Amekuja mtu na miwani yake kutoka kwao huko, akampa mkono. Nyumba nitaikosa mimi, sawa. Lakini hili ukimnyang'anya, atabaki na nini?"

Alimwaga uji ule mtaroni, akaosha glasi mwenyewe, akairudisha ndani.

Wiki ile bwana wa mradi alituita mlimani, familia na majirani, kuonyesha matofali yaliyopangwa tayari. Mama alivaa khanga mpya, funguo zote mbili kafunga kwenye pindo. Bwana wa mradi akasema Kiswahili chake cha mjini: "Mzee, wewe iko na bahati sana. Wiki ijayo fundi wanaanza kupandisha ukuta. Iko swali?"

Baba akainua mkono.

"Mimi fundi cherehani," akasema. "Kitambaa kipya nakilowesha kwanza, nakianika, ndipo nakata. Nikikikata kikavu, mteja ataniletea suruali imekuwa kaptura. Naomba matofali haya yanyeshewe msimu mzima wa mvua kwanza. Yakibaki mazima, nitaingia."

Watu wakacheka. Bwana wa mradi akadhani ni utani, akacheka pia. Baba akarudia maneno yale yale, neno kwa neno. Mama akamvuta kanzu. "We mzee, una nini? Nyamaza!" Profesa alikuwa pembeni, uso umemwiva. Akamuuliza baba kama haamini vipimo vya maabara ambayo binti yake mwenyewe anafanya kazi. Baba hakunitazama hata kidogo.

"Naviamini," akasema. "Ila sihami kabla ya mvua."

"Oya, hapana," akasema bwana wa mradi, amekasirika sasa. "Kama hautaki, watu iko mingi."

Na kweli wakatafuta familia nyingine. Lakini ile familia ilikuwa na mambo ya kusaini, barua ikaenda ikarudi, na mvua za vuli zikawahi. Zilinyesha siku nne. Siku ya tano nilipanda mlimani na viatu mkononi, nikakuta pale palipopangwa matofali pana kilima cha matope mekundu, kinateremka taratibu kuelekea kwa majirani. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, na sikuona haya.

Mradi ulifungwa. Profesa akarudia vipimo vyote kwa karatasi, udongo ukavimba, akaandika upya. Kabla hajaondoka nchini aliniita, akanikalisha.

"Nisaidie," akasema. "Mara ya kwanza, tulifanya kitu gani tofauti? Chochote."

Nilikuwa naiona mifuko rafuni nyuma ya kichwa chake.

"Hapana, Profesa," nikasema. "Hakuna."

Akatikisa kichwa polepole, akafunga sanduku lake. Mtu mwema, na aliondoka na swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mimi. Mara nyingine naliona lile tendo zito kuliko mengine yote.

Nyumbani hakukukalika. Mama hakumsamehe baba. Nilidhani matope yale yatamtuliza, wapi! "Tofali gani lisiloyeyuka likiachwa uchi kwenye mvua?" anasema. "Angekubali siku ile ile, nyumba ingeezekwa kabla ya wingu la kwanza. Hata godoro zuri ukiliweka nje litaoza. Mwanamume mzima, anapewa nyumba, anasimama mbele ya watu anazungumza habari za kaptura!" Alilisema mbele ya wageni, alilisema wakati wa kufuturu, alilisema mwenye nyumba alipoingia tena bila hodi na kutazama kitanda. Baba anaitikia, "Kweli, mke wangu, nilikosea," na kuendelea kukanyaga cherehani. Mimi nakaa pale katikati nimeshika kikombe. Nikifungua mdomo kumtetea, namvunja mama. Nikiufunga, namwacha baba anapigwa. Niliufunga miaka kumi.

Na mifuko iliendelea. Karatasi ziliisha tena, zikaja, zikaisha. Nilijaribu kumwambia mama apumzike, tutaisafisha kule kule. Alinuna siku mbili. Basi nikawa naipokea Jumatatu, nasema ahsante, na nikifika Remera, kabla mtu hajaingia, naisuuza. Namimina maji, nachovya kikaratasi, buluu. Namimina tena, buluu. Mpaka maji ya tisa ndipo kikaratasi kinabaki chekundu. Nilipata ujuzi wa kusuuza kuliko mtu yeyote Kigali.

Baba alifariki mwishoni mwa miaka ya themanini, katika chumba kile kile cha kupanga, mchana, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya hewa. Mama alikaa eda yake. Kufuli lilikuwa bado liko kwenye msumari, limeshika kutu, na mimi niliijua kutu ile, ya manjano kwanza kisha nyekundu, ilikuwa imekula mpaka tundu la ufunguo.

Siku eda ilipoisha nilimkuta amewasha jiko. Ndoo ya majivu iko pembeni imetuama. Mifuko sita ilikuwa kambani. Aliianua mmoja mmoja, akaikunja juu ya paja lake.

"Baba yako nilimpenda," akasema. "Lakini alinikosesha mlango. Nitamuuliza hilo hata mbele ya Mungu."

Nikasogeza ndoo ya majivu mbali na moto.

"Mimi angalau nilichoshika sikukiharibu. Mwaka hata mwaka. Kuna siku mifuko yangu imeharibu kazi yenu kule? Hata siku moja? Niambie kweli."

Alikuwa ananitazama usoni, anasubiri. Nikaona sindano ya baba inafutwa na kufutwa.

"Hata siku moja, mama," nikasema.

Akanipa mifuko. Ilikuwa bado ina joto la jua. Jumatatu nikaipeleka Remera, nikafunga mlango wa maabara, nikaisuuza mara tisa.